Mkolombia na Kilo Mbili za Mchanga

Nilisoma mpaka darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Kwa hiyo haya yasomwe kama maneno ya mtu wa mizani. Ninayo madaftari ya miaka ile ya wakimbizi, niliyokuwa naandika kila siku nikitoka kazini, na mengi ya hapa nimeyatoa humo. Mahali ambapo daftari halisemi kitu, nitasema halisemi. Mahali ambapo nahisi nilijipendelea nilipoandika, nitasema pia, ingawa mtu hajui kila mara anapojipendelea.

Kazi yangu ilikuwa kupima dagaa ufukweni Kibirizi, Kigoma. Tajiri wangu alikuwa na banda la mabati, na kwenye boriti ya banda ilining'inia mizani ya saa, yenye ndoano chini. Gunia linatundikwa, mshale unazunguka, ukitulia naandika. Wakati ule dagaa walianikwa juu ya mchanga, kila gunia lilikuja na mchanga wake, na desturi ya ufukwe mzima ilikuwa kutoa kilo mbili. Gunia likisoma sitini na tano, naandika sitini na tatu. Hakuna aliyebisha. Mvuvi alijua, mnunuzi alijua. Nilifanya hivyo miaka mingi mpaka mkono ukawa unatoa wenyewe, kichwa kikiwa mahali pengine.

Ngumi zilinifikia kupitia mizani hiyo. Alikuwepo mfanyabiashara wa mawese pale mjini aliyependa ngumi kuliko mawese, ndiye tuliyemwita promota. Alitaka mapambano yake yawe ya kulipwa kweli kweli, na ngumi za kulipwa lazima watu wapimwe uzito. Mizani ya watu wazima ilikuwa hospitali, na hospitali miaka ile wagonjwa walilala mpaka barazani. Nani angethubutu kwenda pale kusema ameleta bondia apimwe? Basi akaja kwangu. Tukapitisha kijiti kwenye ndoano, bondia anakishika kwa mikono miwili, anakunja magoti, anabaki ananing'inia. Makuli na wachuuzi walijaa mlangoni kucheka.

"Huyo hajakauka! Mwanikeni tena!"

"Mpimaji, mgeuze upande wa pili!"

Kwa kuwa niliandika tarakimu zinazosomeka, promota akanifanya na jaji. Tulikuwa majaji watatu. Sikujua ngumi, nasema wazi. Nilijua kuangalia kitu na kuandika nilichokiona.

Sasa huyo Mkolombia.

Aliletwa bandani asubuhi moja, amevaa koti la mvua na jua linawaka. Kijana mrefu, mweusi, mabega yameshuka kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Promota akatangaza kwa sauti kwamba huyu ni bondia wa kulipwa kutoka Kolombia, Amerika ya Kusini, na hajui Kiswahili. Alikuwa na kipande cha gazeti la zamani chenye picha ya bondia wa huko, amekifunga kwenye nailoni kama cheti. Mwalimu wa jiografia wa sekondari, mtu wa Moshi aliyehamishiwa kwetu, alikuwepo siku hiyo kununua dagaa. Akaulizwa kama Kolombia wapo watu weusi. Akasema wapo, tena wengi, upande wa pwani. Promota akapiga makofi. "Mmesikia? Mwalimu huyo amesema!"

Nikamtundika. Alipokuwa ananing'inia, uso umenielekea, akaninong'oneza: "Mzee, soma upesi, mikono inauma."

Kwa Kiswahili. Tena Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi, ile tunayoisikia sokoni kila siku. Jioni ile niliandika: *Mkolombia anajua Kiswahili. Sijui kama nilipaswa kuandika hili.*

Alikuwa mkimbizi, ametoka kambini upande wa Kasulu. Wakimbizi hawakuruhusiwa kutoka bila kibali, na kibali cha kwenda kupigana ngumi sijui nani angekitoa. Nimtendee haki promota: uongo ulikuwa wake, lakini chakula cha kijana kilikuwa chake pia, na chumba alichompangia mtaa wa Buzebazeba, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mkamua mawese. Na nisiseme alitudanganya. Kigoma nzima ilijua. Nusu yetu tuna ndugu ng'ambo, na mambo ya mpaka kwetu ni mambo ya ukoo. Watu walikubali tu awe Mkolombia, kwa sababu ilichekesha, na nadhani kwa sababu walimhurumia.

Siku ya pambano lake la kwanza, pale ukumbini Mwanga, Jumapili alasiri, jamaa mmoja wa nyuma alipaza sauti: "Kolombia ipi hiyo, ya Makamba?" Makamba ni Burundi, ng'ambo tu ya mpaka, na ukumbi ukacheka mpaka promota mwenyewe akacheka. Kabla ya kengele alimpa kijana nafasi ya kusalimia. Kijana akanung'unika neno moja, hata mimi niliyekaa karibu sikulisikia. Promota akatafsiri kwa dakika nzima: anashukuru wananchi, amefurahi kuliona Ziwa Tanganyika, kwao hakuna samaki kama mgebuka.

Alishinda. Aliyepigwa alikuwa fundi baiskeli wa Ujiji. Pambano la pili alimpiga kijana wa Kalinzi, mbeba kahawa mwenye miguu kama nguzo kwa kupanda vile vijia vya mlimani. La tatu fundi baiskeli alirudi, akapigwa tena. La nne mgeni kutoka Tabora. Mapambano manne, ushindi mara nne. Alipigana kwa kurudi nyuma. Anarudi, anarudi, mkono wa kushoto anauweka tu usoni mwa mwenzake kama mtu anayefunga mlango taratibu, mpaka mwenzake anachoka kufungiwa. Hakuwa anashangilia. Akiinuliwa mkono alikuwa anaangalia chini.

Kilichomchosha hakikuwa ngumi. Alikatazwa kuongea barabarani. Kimya hicho alikibeba mwaka na zaidi. Siku moja nilimwona Buzebazeba anapita, na bibi mmoja aliyeketi na fungu lake la mihogo akamwita, "Urakomeye, mwana wanje?" Anamjulia hali tu, kwa lugha ya kwao, kama mtoto wake. Kijana aliganda. Akatazama kulia na kushoto, akaendelea kutembea. Bibi akabaki ananiangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha adabu mbaya.

Pambano la tano ndilo lililokuwa na maana. Mshindi angepanda treni kwenda Tabora, na huko angepigana mbele ya watu kutoka Dar es Salaam wanaotafuta mabondia. Kwa kijana, Dar ilikuwa mji ambao hakuna anayeuliza umetoka kambi gani. Mpinzani wake alikuwa kuli wa pale pale kwetu, mtoto wa mtaa wa Bangwe, aliyebeba magunia yangu tangu ana miaka kumi na sita. Naye alikuwa anaitaka Tabora. Alikuwa na mke, na mgongo ulishaanza kumsumbua. Nasema haya ili ijulikane kwamba hapakuwa na mtu mbaya pale.

Uzito haukutakiwa kuzidi kilo sitini na moja. Tulipima Jumamosi asubuhi.

Mkolombia alitangulia. Ameoga, nywele bado zina maji. Mshale ukasoma sitini, nikaandika sitini.

Kisha akaja kuli, moja kwa moja kutoka kushusha boti, mchanga umemganda mpaka magotini. Akaning'inia, mchanga ukawa unadondoka sakafuni kidogo kidogo. Mshale ukatulia sitini na tatu. Nikaandika sitini na moja.

"Sawasawa," nikasema kwa sauti.

Bandani tulikuwa watu zaidi ya ishirini, na wengi walikuwa wanauangalia mshale. Promota alikuwa hapo begani kwangu. Hakuna aliyeshtuka. Macho ya watu wa ufukweni nayo yanatoa kilo mbili.

Pambano lilikuwa la raundi nane. Tatu za kwanza zilikuwa za Mkolombia, mlango ulifungwa vizuri. Kuanzia ya nne kuli akaacha kumfukuza, akawa anamwegemea. Anamkumbatia, anamlalia, refa anawaachanisha, anamlalia tena. Ukiangalia miguu ya Mkolombia ungedhani anapandisha gunia kwenye lori. Ya sita akapigwa chini ya mbavu, akapiga goti. Refa akahesabu mpaka nane, kijana akainuka.

"Mkolombia, rudi Makamba!" mmoja akapiga kelele.

"Ebo! Mwacheni mgeni wa watu!" mwanamke akamjibu. "Wewe mbona hupandi huko juu?"

Jaji mmoja alimpa Mkolombia ushindi. Mmoja alimpa kuli. Karatasi yangu ndiyo ilikuwa ya mwisho kusomwa, na nilimpa kuli kwa pointi moja. Nimeirudia karatasi ile kichwani mara nyingi. Kwa nilichokiona, ilikuwa sahihi.

Jumatano mvua ilinyesha, dagaa hawakuanikwa, nikawa sina kazi. Nikachukua daftari langu la nyumbani kusoma. Kwenye daftari la tajiri niliandika hesabu ya baada ya mchanga, lakini kwenye langu, kwa mazoea tu, niliandika mshale ulivyosema. Jumamosi ile nilikuwa nimeandika: *Mkolombia 60. Kuli 63. Joto kali. Mtoto ana homa.* Nilisoma nikapita. Nikafika ukurasa wa mbele, nikarudi.

Mtu akiwa na mchanga miguuni hana kilo mbili za mchanga. Pengine hana hata robo. Kuli alikuwa amezidi uzito, na mimi ndiye niliyemwingiza ulingoni. Nilijiuliza kama ni mkono tu ulizoea, au ni moyo ulitaka mtoto wa Bangwe ashinde na mkono ukautii. Nimekuwa nikijiuliza mpaka leo. Kwa kadiri ninavyojijua ni mkono. Lakini sijijui sana.

Nilimwambia mke wangu. Akaacha kuchambua maharage, akaniuliza: "Ukisema, unamsaidia nani?"

 Nilikaa na swali hilo siku mbili, halafu Ijumaa nikaenda Buzebazeba bila jibu.

Nilimkuta kijana uani, amekaa na mwenye nyumba wanatenganisha chikichi na vishada vyake. Alipoinama alikuwa anashika ubavu. Aliponiona akatazama kwanza kama lango limefungwa, ndipo akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja na kosa langu."

Nikamweleza. Alisikiliza huku mikono inaendelea na chikichi.

"Kilo ngapi?"

"Mbili."

"Za nini?"

"Za mchanga."

Mwenye nyumba akaachia kicheko, akafunika mdomo kwa kanga. Kijana hakucheka. Akasema polepole, "Nilijua. Raundi ya nne nilijiambia, huyu si sitini na moja. Nikadhani mimi ndiye nimeisha."

Nikamwambia njia ilivyo. Pambano linaweza kufutwa, lakini malalamiko ni lazima yapelekwe kwa afisa wa michezo na bondia mwenyewe, na bondia aandikishe jina lake na uraia wake. Nikamwambia, "Ukienda kule, unajua kitakachofuata." Nakumbuka nilisema hivyo. Daftari linasema nilisema hivyo. Lakini sikumbuki kama nilisema kwa nguvu ya kutosha, au nilisema kama mtu anayetaka tu iandikwe kwamba alisema.

"Na nisipokwenda?"

"Umeshindwa kwa pointi. Basi."

Akachambua chikichi mbili tatu.

"Mama yangu yuko kambini," akasema. "Huko wanasikia kwamba Kigoma kuna Mkolombia anapiga ngumi. Hajui ni mimi. Siku nikirudi nitamwambia. Nikimwambia nilishindwa, nataka iwe nilishindwa kweli."

"Promota anaweza kukutafutia pambano jingine," nikasema, na hapo nilikuwa najaribu kumrudisha nyuma, kwa sababu niliogopa.

"Promota hajaja tangu Jumapili, mzee."

Mwenye nyumba akasema, "Mwanangu, kaa. Kilo mbili ni kitu gani? Mimi nazibeba kichwani kila siku."

"Mama, wewe hukulaliwa nazo raundi tano," akamjibu, na hapo ndipo wote watatu tukacheka, naye akashika ubavu kwa maumivu.

Jumatatu tukaenda ofisini. Afisa alikuwa mtu wa Iringa, mpole, sweta mabegani hata kwenye joto letu. Nikaweka madaftari yote mawili mezani, la tajiri na langu. Akayasoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Mchanga?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ni desturi."

"Miaka miwili naishi hapa, naambiwa desturi kila siku." Akachukua kalamu, akamwuliza kijana jina. Kijana akataja. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia. "Uraia?"

Kijana akaitazama kalamu. Afisa akaiweka kalamu chini.

"Sikiliza, ndugu. Nikiandika Kolombia nitakuwa nimeandika uongo. Nikiandika ukweli, siwezi kukuacha mjini. Pale nje kuna mama anauza chai. Nendeni mkanywe. Mkirudi, nitauliza tena. Msiporudi, mimi sijawaona."

Hilo namwandikia afisa kwa wino mzuri. Si wengi wangesema vile.

Tulikunywa chai. Mimi nilisema, "Twende nyumbani." Kwa kweli nilisema, na safari hii nilisema kwa nguvu. Kijana akamaliza kikombe, akakirudisha kwa mama wa chai, na akamwambia "Urakoze", yaani ahsante ya kwao, kwa sauti ya kawaida. Kisha akatangulia kuingia. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshasema, na afisa alikuwa anaandika.

Pambano lilifutwa. Kwenye kitabu cha ofisi, bondia yule amepigana mapambano manne na hajashindwa. Afisa hakuita polisi. Alimpa barua aibebe mwenyewe mpaka kambini, na kumwelekeza apande lori la chakula linalopakia bandarini asubuhi ya siku inayofuata.

Kuli naye hakwenda Tabora. Muda ulikuwa umepita, na wale wa Dar walichukua mtu mwingine kabisa, wa Urambo. Kwa hiyo haki yangu iliwanyima wote wawili. Promota alikuja bandani akasema mbele ya watu, "Mpimaji, daftari lako limekula vijana wawili, na bado lina kurasa."  Kuli alikuja akaweka gunia chini kwa nguvu mpaka likapasuka.

"Ungeniambia nikimbie tu siku ile, kilo mbili zingetoka kabla ya adhuhuri," akasema. "Mimi sikuiba kitu."

"Najua hukuiba."

"Mimi ndiye wa kwenu, mzee."

"Najua."

Akachukua gunia jingine. Hakuongea nami mpaka baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, na hata hapo ni salamu tu.

Asubuhi ya lori, kijana alipita bandani. Lile koti la mvua alikuwa amelikunja mkononi. Aliingia ufukweni anasalimia kwa sauti, mkono juu, "Amahoro! Amahoro!" Makuli wakamwitikia, wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu wakamwitikia. Mmoja akasema, "Kumbe Kolombia wanaongea hivi!" Akamjibu kwa Kirundi maneno marefu ambayo sikuyashika yote, lakini waliyashika wao, wakaangua kicheko mpaka mtu akakaa chini. Sikujua kwamba alikuwa mcheshi. Mwaka mzima na zaidi, na mimi naandika kila siku, hilo sikulijua.

Kuli alikuwa amekaa juu ya magunia, ametupa mgongo. Hakugeuka.

"Nipime, mzee," kijana akasema.

"Ya nini tena?"

"Nipime tu. Mama ataniuliza kama nilikuwa nakula."

Nikapitisha kijiti. Akaning'inia, akakunja magoti. Mshale ukazunguka, ukasitasita, ukatulia hamsini na nane. Kutoka banda lile mpaka bandarini si mbali, na honi ya lori ilikuwa imeshalia mara moja, lakini alibaki amening'inia mpaka nilipoandika.

"Umetoa?"

"Sijatoa."

Akajishusha, akainama kusoma daftari mwenyewe, kidole chini ya tarakimu. Halafu akalivaa koti lake na kwenda zake.

Mizani ile niliendelea nayo miaka mingine mingi. Kwenye magunia niliendelea kutoa mbili, kwa sababu mchanga ulikuwepo. Mke wangu hakuniuliza tena lile swali, na mimi sijapata la kumjibu.